Ukurasa Unaoandikwa Ndani ya Kivinjari

Ngamiani, mjini Tanga, barabara zina namba. Mgeni huelekezwa kwa kuambiwa ashuke barabara ya 8 au ya 12, ahesabu, akunje, na hufika bila kumsumbua mtu mwingine njiani. Mgeni huyo huyo akifungua simu kutafuta fundi wa kushona kanzu, au chuo kinachosomesha watoto jioni, au historia ya mtaa wenyewe, mara nyingi hutoka mikono mitupu. Fundi yupo, chuo kipo, wazee wanaoijua historia wapo. Ukurasa ndio haupo.

Uchambuzi huu unaeleza njia moja ya kuutengeneza ukurasa huo: kuuandika ndani ya kivinjari chenyewe, bila kusakinisha programu nyingine na bila kusomea kazi ya msimbo. Wengi wameshaitumia njia hii bila kujua kinachotendeka nyuma yake, na kutojua huko ndiko kunakowagharimu baadaye. Tutaanza na maneno, tufuate utendaji, na kama njia hii inatufaa au haitufai tutasema mwishoni.

Kivinjari ni programu ya kusomea kurasa za wavuti. Chrome, Firefox na Safari ni vivinjari. Seva ni kompyuta iliyo mahali pengine, isiyozimwa, ambayo kazi yake ni kutunza kurasa na kumpelekea kila anayeziomba. Mhariri tunamjua, ni mtu wa gazetini. Kihariri si mtu. Kiambishi ki- kinatuambia kuwa hiki ni chombo, kama kifuniko au kizibo: ni chombo cha kuandikia na kurekebisha maandishi. Kinachotuhusu hapa ni kihariri ambacho nacho kimekuja kama ukurasa wa wavuti, kikafunguka ndani ya kivinjari.

Ukurasa wa wavuti, ukiutazama kwa ndani, ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Lugha ya alama hizo huitwa HTML. Herufi p ikiwekwa katikati ya mabano ya pembe husema kwamba aya inaanza. H1 husema kwamba hiki ni kichwa kikuu. Na alama nyingi zinazofungua zina za kuzifunga. Kivinjari huzisoma alama hizo kisha huzificha, na msomaji huona matokeo tu: kichwa kikubwa, aya iliyopangika, neno lililokolezwa.

Tanga ina historia ndefu katika kazi ya kupanga herufi. Gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapa, katika shule ya serikali ya Wajerumani, kuanzia mwaka 1904 hadi 1916. Katika uchapaji wa zama hizo herufi zilikuwa za risasi, zikipangwa moja moja, tena zikitazama kinyume, na mwandishi hakuuona ukurasa wake hadi karatasi ya majaribio ilipotoka kwenye mtambo. Mtengenezaji wa kurasa za wavuti katika miaka ya 1990 alikuwa katika hali inayofanana na hiyo. Aliandika alama zake katika programu moja, akalipakia faili kwenye seva kwa programu ya pili, akafungua kivinjari kutazama. Akiona kosa, alirudi alikoanzia. Kihariri cha ndani ya kivinjari kiliifuta safari hiyo ya kwenda na kurudi: unapoandika ndipo unapoona.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wavuti ulizaliwa hivyo. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokiandika Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, kilikuwa pia kihariri. Msomaji aliweza kufungua ukurasa na kuandika katika dirisha lile lile. Lakini kilifanya kazi kwenye kompyuta za aina ya NeXT tu, ambazo walikuwa nazo wachache. Waliotengeneza vivinjari kwa kompyuta nyingine waliiacha sehemu ya kuandika kwa sababu ilikuwa ngumu. Mwaka 1993 kikaja kivinjari cha Mosaic, kilichoonyesha picha pamoja na maandishi na kuenea haraka, nacho kiliwazoesha watu kuuona wavuti kuwa kitu cha kusoma. Naona huo ni msiba mkubwa kwetu sisi tuliouingia baadaye: tulikuta wavuti umekwisha kugawanywa, upande mmoja wenye kuandika na upande wa pili wenye kusoma, na wengi wetu tukawekwa upande wa pili.

Aliyeanza kuuondoa mgawanyo huo ni Ward Cunningham, mwaka 1995. Aliweka kwenye kila ukurasa wake kiungo cha kuuhariri. Ukikibonyeza, maandishi yalifunguka ndani ya fomu, ukaandika, ukahifadhi. Aliuita mfumo huo wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Wikipedia iliufuata mfumo huo mwaka 2001, na Wikipedia ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Blogu za Kiswahili nazo ziliingia kwa mlango huo huo wa kuandika ndani ya kivinjari: Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, kisha mpiga picha Issa Michuzi mwaka 2005. Hawakuhitaji mtambo wa kuchapia wala kiwanda cha karatasi.

Sasa tuingie katika utendaji. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Ngamiani anayetaka kuandika ukurasa kuhusu chuo chake. Anafungua kivinjari na kuingia kwenye huduma yenye kihariri. Seva inamletea vitu vitatu: HTML, ambayo ni maandishi na alama zake, maelekezo ya sura, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, na programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Hiyo ya tatu ndiyo kihariri. Haisakinishwi. Inakaa katika kumbukumbu ya muda ya simu au kompyuta kwa muda ule ukurasa ulio wazi, ukiufunga inaondoka.

Kivinjari kikishaipokea HTML hakiishiki kama mstari mrefu wa herufi. Huijenga kuwa mti: shina ni ukurasa mzima, matawi ni sehemu zake, na majani ni maneno yenyewe. Kichwa cha habari ni tawi, aya ni tawi, neno lililokolezwa ni kitawi ndani ya aya. Kwa kawaida msomaji hawezi kuugusa mti huo. Lakini mwaka 2000 toleo la 5.5 la Internet Explorer lilileta amri ya kuliambia tawi fulani kwamba linaweza kuandikwa, na vivinjari vingine vikaifuata. Mwalimu akiweka kidole hapo, kibodi inatokea, na kila herufi anayoandika inaongezwa kwenye mti. Akibonyeza kitufe cha kukoleza neno, programu inaongeza kitawi. Alama za HTML zinaandikwa bila yeye kuziona.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Mti huo uko kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa cha mwandishi. Seva haijui lolote bado. Maneno mia tano yanayoonekana kwenye kioo, yamepangwa vizuri na kichwa chake, yanaweza kuwa hayapo popote duniani isipokuwa katika simu ile. Umeme ukikatika, au betri ikaisha, au kidole kikagusa kitufe cha kurudi nyuma, yanapotea. Mimi nimewahi kupoteza kazi ya mchana mzima kwa namna hiyo, na tangu siku ile huandika maandishi marefu kwanza kwenye programu ya kawaida ya simu, ndipo nikayabandika kwenye kihariri. Baadhi ya vihariri hujihifadhia rasimu kila baada ya muda mfupi. Vingine havifanyi hivyo, na kwa kuvitazama tu huwezi kuvitofautisha.

Kubandika nako kuna jambo lake. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka programu kama Word huja na alama zake za siri za rangi na ukubwa wa herufi, na ukurasa ukatoka na aya moja kubwa na nyingine ndogo bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kubandika kama maandishi matupu, kisha kupanga upya ndani ya kihariri.

Mwalimu anapobonyeza kitufe cha kuchapisha, kivinjari kinaufunga mti ule, kinaugeuza kuwa maandishi tena, na kuutuma kwa seva kama ombi. Seva hufanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza inahakiki mtumaji ni nani na kama ana ruhusa. Pili inachuja: alama ambazo zingeweza kubeba programu ya hila, kwa mfano ya kuiba nywila za wasomaji, zinaondolewa. Tatu inayaandika yaliyobaki kwenye hifadhidata, na mifumo mingi huweka toleo jipya bila kulifuta la zamani. Msomaji wa Pangani au wa Muscat akiomba ukurasa huo, seva huyachukua maandishi ya mwalimu, huyaweka ndani ya kiolezo, yaani umbo lililoandaliwa lenye kichwa, menyu na kijachini, na kumpelekea.

Tofauti kati ya maandishi na kiolezo ina maana kubwa. Mwalimu ameandika maneno. Sura yake, mpangilio wa menyu, na matangazo yanayojitokeza pembeni ni vya mwenye huduma, naye anaweza kuvibadilisha kesho bila kumuuliza mtu.

Tuje kwenye lugha yetu, maana vihariri vingi vilitengenezwa na watu ambao Kiswahili hakikuwa mawazoni mwao. Kwa upande mmoja tuna wepesi ambao wengine hawana. Herufi zote za Kiswahili sanifu zimo kwenye kibodi ya kawaida. Mkikuyu hutafuta i na u zenye kiwimbi juu, sisi hatutafuti. Lakini tuna ritifaa katika ng' ya ng'ombe na ng'ambo, na ritifaa ni mbili. Ipo iliyonyooka na ipo iliyopinda, na katika Unicode, jedwali la kimataifa la herufi, ya kwanza ina namba 0027 na ya pili 2019. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili. Word na baadhi ya simu huipinda ritifaa zenyewe. Matokeo yake ni kwamba makala mbili kuhusu ng'ombe zinaweza kuwa na anwani mbili tofauti, na si kila mfumo wa kutafuta unaozichukulia kuwa moja. Tena, katika lugha ya alama ya wiki, ritifaa mbili zinazofuatana hulaza maandishi na tatu huyakoleza, hivyo anayenukuu neno kwa ritifaa za ovyo huona sentensi nzima imelala. Ushauri wangu ni kutumia iliyonyooka siku zote, kwenye maandishi na kwenye vichwa.

La pili ni tangazo la lugha. Kila ukurasa wa HTML una nafasi ya kueleza umeandikwa kwa lugha gani, na alama ya Kiswahili ni herufi sw. Huduma nyingi hujaza en, alama ya Kiingereza, bila kuuliza. Msomaji mwenye macho hatagundua. Asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea kwa sauti, anaweza kuyasikia maneno ya Kiswahili yakitamkwa kwa kanuni za Kiingereza, na hataelewa kitu. Marekebisho yenyewe ni ya dakika moja kwenye mipangilio ya tovuti. Kumwacha mtu nje kwa sababu ya herufi mbili ni jambo linaloniuma, na naliona mara nyingi mno katika kurasa zetu.

Picha tuzipitie kwa hesabu. Tuseme picha moja ya simu ina megabaiti 4. Picha kumi ni megabaiti 40, na kila msomaji atazilipia kwa bando lake kila anapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote kumi ni megabaiti 2, na kwenye kioo cha simu hataona tofauti. Baadhi ya huduma hupunguza zenyewe. Mwandishi asitegemee hilo. Apunguze kabla ya kupakia, na chini ya kila picha aandike maelezo mafupi ya kinachoonekana.

Swali linalofuata ni la umiliki. Ukurasa uliotengenezwa ndani ya kivinjari unakaa kwenye seva ya mwenye huduma. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu mamilioni nafasi ya bure ya kurasa zao. Yahoo iliyokuwa ikiimiliki ikaifunga mwaka 2009, nje ya Japani, na kurasa nyingi ambazo wenyewe hawakuwa na nakala zikaenda nayo. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuandika neno la kwanza. Moja ni kama huduma inakuruhusu kuhamisha kazi yako yote kwenye faili moja na kuipakua. Blogger na WordPress zinaruhusu. Huduma isiyoruhusu, mimi singeiweka kumbukumbu ya mtaa humo.

Jambo jingine ni jina. Jina la kikoa ni anwani kama zile zinazoishia na .tz, ambayo ni ya Tanzania: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa taasisi, .sc.tz kwa shule. Anwani inayoishia na blogspot.com imeazimwa, mwenye blogspot ni mwingine. Ukiwa na jina lako, seva inaweza kubadilika na wasomaji wasipotee. Ni sawa na duka lililohama barabara ya 8 likaenda ya 15 na kibao chake: wateja wanalifuata jina. Jina hulipiwa kila mwaka, na hiyo ndiyo gharama ya kweli ya njia hii, pamoja na bando.

Sheria nayo ina neno. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu Tanzania kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ada ya maombi ikiwa shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000. Nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Anayetaka kutoa habari na taarifa kwa umma aulize TCRA kabla ya kuanza.

Tumebakiwa na Wikipedia, ambayo ni kesi ya peke yake. Kata tatu, Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini, zina kurasa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Juu ya kurasa hizo kuna vitufe viwili. Hariri hufungua kihariri cha kuona, kile chenye mti tuliouzungumzia. Hariri chanzo hufungua maandishi pamoja na alama zake za wiki. Kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, na kosa hurudishwa kwa kubonyeza. Watu wawili wakihariri mstari mmoja kwa wakati mmoja, wa pili kuhifadhi huonyeshwa mgongano na kutakiwa kuusuluhisha. Hakuna matangazo, hakuna ada, na nakala za kamusi elezo nzima hutolewa hadharani ili yeyote azipakue.

Lakini Wikipedia ina sharti ambalo huwavunja moyo watu wetu: kila taarifa iwe na chanzo kilichochapishwa. Bibi wa barabara ya 11 anayekumbuka taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star, nani aliimba wapi na harusi ya nani, hawezi kuwekwa humo kama chanzo. Sharti hilo lina sababu, kwani mfumo ambao kila mtu anaweza kuandika unahitaji kitu cha kupimia ukweli. Hata hivyo linamaanisha kuwa sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Ngamiani haina nafasi mle, kwa kuwa haijawahi kuchapwa. Nafasi yake ni ukurasa wa mtaa wenyewe, wenye jina lake, ambamo bibi anaandikwa kwa ridhaa yake, pamoja na tarehe aliyozungumza na jina la aliyemwandika.

Baada ya kuyapima haya yote, kauli yangu ni kwamba kihariri cha ndani ya kivinjari kinaitosha kazi ya Ngamiani. Fundi wa kanzu hahitaji kumlipa mtu wa msimbo, wala chuo hakihitaji kompyuta. Simu moja inatosha kuanzia. Kinachohitajika ni jina lililosajiliwa kwa mwenye kazi na si kwa kijana aliyemsaidia kulisajili, na nakala ya ukurasa inayopakuliwa kila mwisho wa mwezi na kuwekwa mahali pawili. Asiye tayari kwa hayo mawili asiweke huko kumbukumbu asizo nazo kwingine.

Msomaji uliyeko Ngamiani, anza na palipo wazi tayari. Fungua ukurasa wa kata yako kwenye Wikipedia ya Kiswahili, usome wote, tafuta kitabu au gazeti linalotaja kinachokosekana, kisha ubonyeze Hariri. Halafu nenda kwa bibi ukiwa na daftari.